Tupeane uzoefu: Honda CG125 na watoto wake walio vijiweni

Spana Kumi, Morogoro

Wakuu habari za jioni. Wakubwa wote humu, shikamooni.

Jumamosi iliyopita kijana wa kijiwe chetu aliniletea injini ya pikipiki yake ya Kichina, cc 125, inagonga upande wa juu. Nikatandika gunia chini ya mwembe nikaifungua. Nilipofika kwenye gia ya kamshafti nikaitoa, nikaiosha kwa petroli, nikaiweka kiganjani. Nikaiangalia weee. Kisha nikaingia ndani kuchukua kopo la maziwa ya unga ambamo natunza vyuma vya zamani vya Honda CG125 ya baba yangu. Mle mna gia ya kamshafti niliyoibadilisha miaka mingi iliyopita. Nikaziweka pamoja. Meno yale yale, tundu la katikati lile lile, na nundu moja ile ile.

Kwa wasio mafundi nieleze hiyo nundu, maana ndiyo iliyonifanya nifungue uzi. Injini ya fostroku kama hii ina valvu mbili, moja ya kuingiza hewa na petroli, nyingine ya kutoa moshi. Kamshafti ndiyo inayozifungua, na kwa kawaida kila valvu ina nundu yake. Kwenye CG nundu ni moja tu. Ikizunguka inainua kijimkono cha kwanza, halafu cha pili, na kila kijimkono kinasukuma fimbo yake nyembamba ya chuma inayopanda mpaka juu kwenye hedi, yaani kichwa cha injini. Hizo fimbo ndizo pushirodi. Na kamshafti yenyewe inazungushwa na gia iliyong'atana moja kwa moja na ya krenki, shafti inayozungushwa na pistoni. Cheni ya taimingi, ile inayozungusha kamshafti kwenye injini nyingine, haimo. Mwenye pikipiki ya cheni ya taimingi anajua machungu ya ile sauti ya kukwaruza asubuhi, anajua ninachosema.

Sasa historia yake. Miaka ya sabini Honda walikuwa na CB125, injini nzuri, kamshafti imekaa juu kwenye hedi. Kwa mtu wa Tokyo anayemwaga oili kwa wakati, raha tupu. Lakini pikipiki hizo zilikuwa zimeshafika kwenye nchi za barabara za vumbi, na zilikuwa zinakufa mapema. Wahandisi wakaenda kuangalia zinavyotumika. Wakakuta pikipiki imebeba watu na mizigo kuliko ilivyoandikiwa, oili haijamwagwa miezi, kichujio cha hewa kimeziba, cheni imekauka. Na oili ikipungua au ikichakaa, sehemu ya kwanza kufa njaa ni kule juu kabisa ilikokaa kamshafti.

Wangeweza kuandika kitabu kinene cha maelekezo na kuwalaumu wateja. Wao wakabuni injini upya. Kamshafti wakaishusha chini inakoogelea oili, wakarudisha pushirodi, cheni ya nyuma wakaifunika yote kwa kava la bati, na kichujio cha oili cha kununua hawakukiweka: oili inachujwa kwa kuzungushwa kwa kasi mle ndani, uchafu unaganda pembeni. Mwaka 1976 ikatoka CG125, cc 124, kipenyo cha silinda milimita 56.5, mwendo wa pistoni milimita 49.5.

Kumbukeni hawa ndio waliotikisa mbio za Isle of Man mwaka 1961 wakachukua daraja la 125 na la 250. Injini za kamshafti ya juu ndizo zilizowapa jina. Kurudi kwenye pushirodi, teknolojia ambayo wakati ule ilihesabiwa ya kizee, kulihitaji moyo. Walimtazama mtumiaji kama alivyo, wakamheshimu. Hilo ndilo linalonifanya niipende pikipiki hii mpaka leo.

Baba yangu alikuwa bwana mifugo wilaya ya Kilosa. CG yake aliipata ikiwa imeshatumika, mwaka 1986. Ameibebea chanjo za ng'ombe, ndama wachanga, mama yetu na sisi wawili kwa mkupuo. Ipo hapa uani na inawaka.

Haya wakuu. Uliyewahi kuendesha CG, kuitengeneza, kupakiwa, au una hii ya Kichina iliyotoka kwenye ubavu wake, leta kisa chako. Sema ilikuwa wapi na ilibeba nini.

Dogo wa Buzuruga, Mwanza

Shikamoo mkuu Spana. Umenigusa. Mimi nipo barabarani mwaka wa tisa na kwenye injini yangu imeandikwa 162FMJ. Siku zote nilijua ni namba ya kiwanda tu.

Kisa changu ni cha hizo pushirodi. Nilikuwa natoka Misungwi usiku, nimempakia mama mmoja na magunia mawili ya dagaa, anawahi soko. Katikati ya njia pikipiki ikaanza kupiga kama mtu anagonga sufuria, nguvu ikaisha, ikazima. Nikapiga kiki mpaka mguu ukakataa. Mtandao wa simu hamna. Tukakokota mpaka penye nyumba, tukagonga, akatoka mzee amejifunga shuka. Kumbe fundi baiskeli.

Yule mzee alikuwa hajawahi kufungua injini ya pikipiki, alisema hivyo hivyo wazi. Mimi nikamwelekeza nilichowahi kuona kwa mafundi wa mjini. Tukavua kava la juu, boliti chache tu. Pushirodi moja imepinda kama upinde. Akaitoa, akailaza juu ya jiwe bapa, akaigongagonga taratibu kwa mpini wa nyundo. Kisha akaniomba simu. Nikashangaa. Akailaza simu chali, akaiviringisha ile fimbo juu ya kioo, anachungulia chini yake kwa tochi kama mwanga unapita. Akarudi kugonga. Akaviringisha tena. Mara ya nne akasema, "Weka."

Mama wa dagaa ndiye aliyeshika tochi muda wote, hakulalamika hata neno. Tulifika mjini alfajiri kweupe na dagaa wake aliuza. Ile pushirodi iliyonyooshwa juu ya kioo cha simu niliitumia wiki tatu nyingine mpaka nikapata hela ya mpya.

Nikafikiria baadaye, ingekuwa cheni ya taimingi imekatika, usiku ule tungelala pale.

Mama Kheri, Sumbawanga

Habari zenu wanangu. Sijui kama nina haki ya kuchangia maana yetu haikuwa CG, ilikuwa Honda XL125, ile ndefu ya porini, nyekundu. Lakini nikisikia Honda moyo unaruka.

Mwaka 1993 nilikuwa muuguzi, kazi yangu chanjo za watoto. Tunashuka bondeni Muze na vijiji vya Ziwa Rukwa, mimi nyuma nimekumbatia boksi la baridi lenye chanjo, dereva mbele. Ile miteremko aliyewahi kuishuka anaijua. Dereva wetu, Mungu amrehemu, alinifundisha kitu kimoja: "Sista, ukiona naegemea, egemea na mimi. Ukishindana na mimi tunaanguka." Miaka minne sikuwahi kuanguka naye.

Ninachokumbuka zaidi ni cheni. XL cheni yake ipo wazi. Kila tukivuka mto au tope tunasimama, anatoa kichupa cha oili mfukoni na unyoya wa kuku, anaipaka cheni pingili kwa pingili huku mimi nazungusha tairi. Ule unyoya alikuwa anauvalisha karatasi kama mtu anavyotunza kalamu. Kwa hiyo Spana ukisema CG ilikuja na cheni imefunikwa yote, mimi naelewa walichokiona hao wahandisi. Walimwona dereva wangu na unyoya wake.

Spana Kumi, Morogoro

Mama shikamoo. Haki unayo, tena ya mbele kabisa. XL ni ndugu wa upande wa kamshafti ya juu, imara sana, ila inataka mtu kama dereva wenu. Pole sana kwa kumpoteza.

Dogo, marahaba. Hiyo namba inasomeka. Viwanda vingi vya China vinatumia mpangilio mmoja. Ya kijana wangu ni 156FMI: 1 ni silinda moja, 56 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, na wameacha nusu ile ya 56.5. F ni ya kupozwa na hewa, M ni pikipiki, I ni daraja la cc 125. Yako kipenyo ni 62, na J ni daraja la cc 150. Angalizo: namba peke yake haikwambii kama ni ya ukoo wa CG, maana zipo zenye namba kama hizo na zina cheni ya taimingi. Ukifungua juu ukakuta pushirodi, basi huyo ni mjukuu wa mzee aliye uani kwangu.

Nduthi ya Lurambi, Kakamega

Salamu kutoka magharibi ya Kenya. Huku kwetu ni nduthi, wengine boda. Na boda ya kwanza haikuwa na injini, ilikuwa baiskeli. Babangu alibeba watu na baiskeli pale mpakani Busia, ile sehemu ya katikati ya Kenya na Uganda, siku zile wakiita wateja "border, border". Magoti yake yalimaliziwa pale. Pikipiki za Kichina zilipokuja kwa bei ya mtu wa kawaida, mimi ndio nilichukua moja kwa mkopo wa chama, na mzee akakataa kupanda baiskeli tena.

Sasa mimi ni fundi jua kali, niliacha kubeba watu. Nikwambie kwa nini CG haitakufa huku: spea. Twende Mumias, twende Webuye, twende hata kasoko kadogo ambako stima imefika juzi, duka la kwanza ukiingia unapata bloki na pistoni ya CG, klachi ya CG, kabureta ya CG. Muuzaji hakuulizi pikipiki yako ni ya kampuni gani. Anakuuliza, "Ni CG?" Basi.

Ile pikipiki orijino ya Honda mimi nimeifungua mara mbili tu maishani, zote za wazee wa kanisa. Nilinawa mikono kwanza.

Na msichana wangu wa darasa la saba anaweka tapeti, ile nafasi ndogo ya valvu. Ananishika mkono, "Baba, wacha mimi." Anageuza krenki polepole, anatafuta alama, anapima, anakaza nati. Wateja walikuwa wanacheka. Siku hizi wanamngoja atoke shule.

Mie wa Maskati

Assalaam alaykum jamaa. Mie mtu wa Unguja, nipo Maskati mwaka wa kumi na mbili. Kwetu tulipokuwa wadogo pikipiki yoyote tuliita vespa, hata iwe ya namna gani, kwa hivyo jina CG nimelijulia huku, tena kwa Mpakistani.

Mwenzangu kazini ni mtu wa Gujranwala. Tunalala chumba kimoja, tunapika zamu. Yeye kila Ijumaa baada ya sala humpigia simu ndugu yake, na kabla ya kukata husema jambo lile lile. Nikamuuliza siku moja anasema nini. Akanambia: "Namwambia aiwashe nisikie." Ndugu yake hutoka uwanjani na simu mkononi, hupiga kiki, na mwenzangu hukaa kitandani na simu sikioni, macho ameyafumba. CG125. Yeye huiita wan-tu-faivu, kama jina la mtu.

Nchini kwao bado inaundwa mpaka leo, na sura ni ile ile ya zamani: taa ya duara, tangi jekundu, kiki ya mguu. Hunieleza kwamba mwaka mpya ukiingia watu hungojea kuona stika mpya za tangi, na stika ndizo zinazobadilika. Kijana akipata kazi, jambo la kwanza analolitamani ni hiyo. Sauti yake huwa nzito, hupiga moja moja, wao huitambua mtaa wa pili.

Mwenzangu alijinyima miaka miwili akamnunulia baba yake. Alinionyesha video ilipofika. Mzee hakusema kitu. Aliizunguka mara mbili, akapangusa tangi kwa kilemba chake, halafu akaifunga mzigo wa majani ya ng'ombe nyuma na kuondoka nayo. Mwenzangu alilia siku ile, na mie nikalia naye, nikamkumbuka marehemu baba yangu.

Nilikuwa sijui kabisa kwamba hizi za huko nyumbani ni damu moja na ile. Ahsante Spana. Leo usiku nitamweleza.

Dada wa Leicester

Wapendwa, mimi ni mwenyeji wa Tanga, naishi Uingereza muda mrefu. Huku kabla hujaruhusiwa kuingia barabarani na pikipiki ndogo lazima upite mafunzo ya siku moja, na mwaka 2003 nilipokwenda kufanya, pikipiki zote za ile shule zilikuwa CG125. Mwalimu akasema wameshajaribu nyingine, ila hizi zinaangushwa na wanafunzi mara tano kwa siku na kesho yake zinawaka.

Niliiangusha mara tatu. Mara ya tatu wenzo wa klachi ukapinda, mwalimu akaurudisha kwa mkono, akapangusa matope, akaniambia panda. Nilikuwa mwanamke peke yangu na mweusi peke yangu, nimevaa koti la kuazima linalonifika magotini. Nilipoiwasha tena nikasikia ule mlio, nikakumbuka pikipiki ya mjomba wangu alivyokuwa akituletea machungwa kutoka Muheza. Woga uliondoka pale pale.

Baadaye nilinunua ya kwangu, ya mkono wa pili. Zamu za usiku hospitalini, natoka alfajiri barafu imeganda kwenye kiti, nakwangua kwa kadi ya basi. Ikaenda nami miaka sita. Mwaka 2008 hizi zikaisha, masharti ya moshi yalikuwa yamekaza, na 2009 ikashika nafasi yake CBF125 inayotumia sindano ya mafuta badala ya kabureta. Nilijaribu kuipanda moja. Nyepesi na tulivu sana. Nikarudi kwenye yangu.

Mhandisi wa Mbezi

Wakuu, naheshimu kumbukumbu za kila mtu, nimeguswa hasa na ya Maskati. Ila mimi kwa upande wa ufundi naona tunaipa pushirodi sifa isiyo yake.

Tuangalie ndugu yake mkubwa, Honda Super Cub. Ilitoka 1958, na mwaka 2017 walitimiza milioni 100 zilizoundwa duniani. Hakuna chombo cha moto kilichoifikia. Ilianza na pushirodi, lakini miaka ya sitini wakahamia kamshafti ya juu, na haikuwaangusha watu wa Vietnam, Thailand wala Indonesia, ambao nao wana vumbi, mafuriko na mizigo. Kwa hiyo kamshafti ya juu si adui wa mtu maskini.

Pili, pushirodi zina uzito, zinaenda juu na chini maelfu ya mara kwa dakika. Zinaweka ukomo wa kasi ya injini, na ukilazimisha ndipo zinapinda kama ya Dogo. Tatu, mtetemo. Ukiendesha CG ya cc 150 kutoka Dar hadi Chalinze, mikono inakufa ganzi. Bodaboda wengi wamehamia kwenye pikipiki za Kihindi kwa sababu hiyo na kwa sababu ya mafuta. Hawajakosea.

Kilichoishikilia CG hai ni kwamba mchoro wake ni rahisi kunakili. Kiwanda chochote chenye mashine za kawaida kinaweza kuitengeneza. Sioni zaidi ya hapo.

Spana Kumi, Morogoro

Mhandisi, umesema kweli nyingi na nakubali karibu zote.

Kupinda kwa pushirodi umeeleza sawasawa. Kuhusu mtetemo, hata ya baba ukipita kilomita 70 kwa saa vioo vya pembeni haviangaliki. Na Brazil ni ushahidi wa upande wako. Kule CG ilianza kuundwa Manaus mwaka 1976, kiwanda kikiwa katikati ya msitu wa Amazon, na aliyeitangaza ni Pelé mwenyewe. Wabrazili hawakubaki na pushirodi. Mwaka 2004 CG ya cc 150 ikaja na kamshafti ya juu, na 2009 wakatoa CG inayotumia petroli na alkoholi ya miwa kwenye tangi moja, ya kwanza duniani kwa pikipiki. Jina ni CG, ndani ni kitu kingine, na wanaipenda vile vile.

Ila hapo kwa Super Cub umenisaidia mimi zaidi kuliko ulivyojisaidia. Cub ilianzaje? Takeo Fujisawa, aliyekuwa akiendesha upande wa biashara wa Honda, alitaka pikipiki ambayo kijana wa kupeleka tambi za soba ataiendesha kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika sinia. Ndiyo maana klachi yake inajiendesha yenyewe, na ndiyo maana ina yale mabawa ya plastiki ya kukinga miguu tope. Walianza na kijana wa soba. Miaka kumi na minane baadaye wakaanza na mtu asiyemwaga oili. Injini mbili tofauti, macho ni yale yale.

Na kwenye kunakili, nikwambie ninachokiona mimi mezani. Mchoro unanakilika, chuma hakinakiliki kwa urahisi hivyo. Ile gia ya kamshafti ya baba ilitembea miaka ishirini na kitu, nundu yake ukipitisha kucha bado laini kama kioo. Hii ya kijana wa kijiwe, niliyoiweka pembeni yake kwenye gunia, ina miaka miwili na nundu imechimbika, kama mwembe uliotobolewa na kigogota. Aliinunua kama spea mpya kutoka duka moja hapa mjini, boksi limeandikwa jina kubwa. Kijana amelipa hesabu ya bosi kila siku, amemwaga oili kila baada ya kilomita elfu moja, nilimshuhudia. Amefanya yote, na chuma kikamsaliti. Hilo linaniuma kuliko yote, maana pikipiki hii ilibuniwa kwa kumhurumia mtu wa namna yake.

Kwa hiyo vijana, mkinunua gia ya kamshafti, chukueni na ya zamani dukani. Zipimeni uzito mkononi. Kwaruza ubavu wa nundu kwa ncha ya msumari: ikiacha mfereji, rudisha kwenye boksi.

Mhandisi wa Mbezi

Hapo kwa kijana wa soba nimekubali. Na kwa msumari pia, nitajaribu.

Dogo wa Buzuruga, Mwanza

Mzee Spana, swali. Umesema CG ya baba ipo uani na inawaka. Baba mwenyewe bado yupo? Anaipanda?

Spana Kumi, Morogoro

Yupo, Dogo, asante kwa kumuulizia. Ana miaka 81. Macho yamekwenda, anaona kivuli tu, na aliacha kuendesha muda mrefu.

Jana jioni nilimsomea uzi huu wote kutoka mwanzo. Nilipofika kwa Mama Kheri na unyoya wa kuku alinisimamisha, akanirudisha nisome tena. Nilipomaliza akasema, "Itoe nje."

Nikaitoa chini ya mwembe. Akaja na fimbo yake, akatafuta tangi kwa mkono, akalishika. Nikapiga kiki, ya pili ikawaka. Nikaiacha ipumue polepole. Mzee akainamisha kichwa karibu kabisa na hedi, sikio la kushoto, lile linalosikia vizuri. Akakaa hivyo kama dakika nzima. Mimi nasikia mlio wa kawaida tu, niliipima mwenyewe mwezi uliopita.

Akaniambia, "Ya moshi imelegea."

Nikazima. Tukasubiri ipoe, maana nafasi ya valvu hupimwa injini ikiwa baridi, tukanywa chai ya tangawizi. Giza lilishaingia, mke wangu akatushikia taa. Nikafungua vifuniko, nikageuza krenki mpaka kwenye alama, nikaingiza kipimo cha bati cha milimita 0.08. Valvu ya kuingiza ikabana vizuri, inateleza kwa shida kidogo kama inavyotakiwa. Nikahamia ya moshi. Ile bati ikapita huku na huko bila kugusa kitu.

Yeye alikuwa ameshakaa kwenye kigoda anamalizia chai, hakuuliza nimepata nini.